Siku Uliyokula Nyumbani Kwangu

Mama mkwe wangu mpendwa, mama wa Amukura,

Anayekusomea ni Akisa, binti yako. Nimemwapisha asiruke neno hata moja, hata pale nitakapomtaja vibaya. Akikohoa katikati ya sentensi, jua kuna kitu amemeza, umwambie arudie. Mimi niko hapa Busia dukani, nimekaa juu ya gunia la mahindi, naandika kwa kalamu kwa sababu simu ingeniharakisha. Miaka kumi na minne nimekuwa mkwe wako, na uso kwa uso sijawahi kukuambia jambo refu kuliko "habari za huko". Nikikuona sokoni nageuza pikipiki. Wewe ukiniona njiani unaingia shamba la watu, hata kama ni matope matupu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, wewe kwenu Teso na mimi kwetu Samia, na kwa jambo hili moja watu wetu hawajawahi kubishana.

Lakini leo nitasema, mama. Akisa alipotoka kwako juzi alinieleza alivyokukuta: umekaa chini jikoni, jasho linakutiririka, mikono inatetemeka, hujui kama ni asubuhi au jioni. Akaniambia macho yako hayaoni tena mistari ya sindano, na kwamba wiki hizi zote umekuwa ukivuta dawa kwa kukisia. Kwa kukisia! Insulini! Tangu siku hiyo sina raha. Nina ombi kwako, na nitalifikia. Kwanza nikushukuru, kwa sababu nikianza na ombi utasema ndizo hizo tabia za Wasamia, hawaandiki barua bila kutaka kitu.

Ile hadithi ya nesi unaijua, uliicheka mpaka ukapaliwa, lakini acha niirudie, ndipo mambo yalipoanzia. Unajua kazi niliyokuwa nafanya kabla sijamwoa binti yako. Nilikuwa nabeba sukari kutoka upande wa Uganda kwa baiskeli, gunia juu ya gunia, kwa zile njia za panya. Siku mbaya ni ile askari wa forodha anachomoka kichakani na kuuliza, "Una sukari?" Nawe unajibu, "Sina, afande," huku gunia linavuja mgongoni pako. Hayo maneno yaliniingia hadi kwenye mifupa. Sasa miaka mitatu iliyopita nimekonda, kiu haiishi, kila dakika chooni. Akisa ananisukuma hadi kliniki. Nesi ananichoma kidole, anaangalia kile kimashine chake, anasema, "Mzee, una sukari. Tena nyingi."

Mama, nilisimama wima. "Sina, afande. Hiyo kazi niliacha zamani."

"Nani afande?"

"Uliza mtu yeyote pale mpakani. Siku hizi nauza mahindi."

"Baba, keti. Sukari iko kwa damu."

"Kwa damu iliingiaje? Mimi nilikuwa nabeba tu, sikuwa nakula!"

Foleni nzima ilinicheka. Binti yako alijifunika uso kwa leso akajifanya hanijui. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nimeze kila siku pamoja na chakula, nipunguze hiki, niache kile, nitembee. Nikasema sawa.

Sawa yangu ilidumu miezi minne. Nilipoona kiu imekwisha na mwili umerudi kidogo, nikajiambia nimepona, vidonge vya nini tena. Akisa akiniuliza namwambia nimemeza. Nilikuwa namdanganya, ndiyo, Akisa, soma hapo hapo, usinung'unike. Kisha nikampata yule bwana wa kipaza sauti sokoni, mwenye unga wa mizizi ndani ya chupa za soda. Unatibu sukari, presha, mgongo, na waume wasiolala nyumbani. Nikanunua chupa mbili. Na ugali ndio usiseme. Mtu aliniambia ugali wetu wa mtama na muhogo hauna shida, kwamba unaoleta sukari ni ule mweupe wa dukani. Basi nikawa napakuliwa mlima. Nakula mlima mweusi mchana, mlima mweusi jioni, na moyo wangu umetulia kabisa kwamba nafuata masharti.

Halafu msumari ukapenya kwenye buti nikapata kidonda kwenye kidole kikubwa cha mguu. Sikukisikia. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo, kwamba sikukisikia. Akisa ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Tulipofika kliniki daktari hakucheka kama wale wa foleni. Alisema sukari imepanda vibaya, vidonge peke yake havitoshi tena, tuanze insulini leo, la sivyo mguu huu hatuwezi kuuahidi.

Nikakataa. Nilikataa mbele ya daktari, nikakataa njiani, nikakataa nyumbani. Kwetu Sigalame mjomba wangu alianzishwa insulini Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Hakuna aliyekumbuka kusema kwamba kabla ya hiyo Jumatatu alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima na mguu unaooza. Sisi tulishika hilo la sindano tu. Nilimwambia Akisa, "Mtu akianza kudungwa, harudi nyuma. Niache nife na mguu wangu." Akalia. Akaniita majina ya Kiteso ambayo hadi leo hajanitafsiria. Halafu akatoka nje na simu, na mimi nikajua anakupigia wewe, nikasema moyoni, na apige, mama mkwe atanifanya nini, hata kuniangalia hawezi.

Kumbe sikukujua.

Ulikuja siku ya tatu, saa mbili asubuhi. Nilikuwa sebuleni nimeweka mguu juu ya stuli. Niliposikia sauti yako getini niliruka kwa mguu mmoja kama panzi hadi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Nyumba yetu unaijua, ukuta wa katikati ni mbao nyembamba, na haufiki kwenye bati. Nilisikia kiti kikilia ulipokaa. Nilisikia hata pumzi yako.

"Akisa, mwambie mwenye nyumba nimekuja."

"Baba Nabwire, mama anasema amekuja."

"Mwambie karibu sana."

"Mama, anasema karibu sana."

Na sote watatu tunasikiana vizuri kabisa! Lakini ndivyo adabu ilivyotaka, maneno yapitie kwa mtoto wako kwanza. Uliuliza hali ya mguu, nikajibu kupitia kwa Akisa. Uliuliza watoto, nikajibu. Nilidhani utaomba, utalia, utanitajia Mungu. Badala yake nikasikia kibati kinafunguliwa. Nikasikia blauzi inainuliwa.

"Akisa, mwambie nimetoka Amukura bila kujidunga na bila kula. Sasa nimejidunga. Dawa imeshaingia. Ndani ya nusu saa lazima niwe nimekula, nisipokula nitaanguka hapa hapa kwenye kiti chake."

Hakunitafsiria. "Mama," akasema, "huwezi kula hapa. Ngoja nikimbie kwa jirani—"

"Sili kwa jirani. Nitakula kwa mkwe wangu."

Watu wa mbali hawawezi kuelewa ukubwa wa neno hilo. Mama mkwe hali nyumbani kwa mkwe wake hivi hivi, bila wazee kukaa, bila chochote kupelekwa. Nimewahi kusikia habari za mama aliyevumilia njaa kutwa nzima kwenye harusi ya mjukuu wake, kwa kuwa tu sufuria zilikuwa za mkwe. Wewe ulipanga toka kwako. Ulipanda gari tumbo tupu, sindano kwenye mkoba, ukijua ukishajidunga dawa haitangoja mila, na mimi nitakuwa nyuma ya ukuta nisiweze kukuzuia.

Akisa akaenda jikoni analia na kucheka kwa pamoja. Nikasikia sahani. Nikasikia unampigia kelele kwa sauti ya kunifikia: "Punguza huo ugali. Punguza tena. Hiyo ni ngumi ya nani, ya mchimba mawe? Ngumi yangu hii hapa. Ongeza kunde. Omena weka, hiyo haina ubaya." Ulikula taratibu bila aibu, omena, dagaa wetu wa Sio Port, na majani ya kunde, eboo mnavyoita nyinyi, na mimi nilisikia kila tonge. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba ugali mweusi nao una kipimo. Milima yangu yote ilinijia mbele ya macho.

Ulipomaliza ukanawa, ukasema, na hapo hukumtuma Akisa tena, ingawa hukunitaja jina:

"Nimekula kwake. Wanawake wa kwetu watanisema mpaka mwaka uishe. Nimekubali kusemwa. Na najidunga mwaka wa saba huu, asubuhi na jioni, na nalima, na naimba kwaya, na sijazikwa. Sasa mwanamume mzima anaogopa kijisindano cha urefu wa kucha?"

Mama, nililia. Nilijifunika blanketi mdomoni usinisikie, lakini nadhani ulisikia, maana uliyaacha hayo ukaanza kumuuliza Akisa habari za kuku. Nakushukuru kwa habari za kuku. Ungeendelea kunisema ningekasirika, na ningekasirika ningeendelea kukataa.

Kesho yake nikaenda kliniki nikaanza. Nesi alinifundisha vizuri sana, nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa, na nilipofika nyumbani nikawa nimesahau yote. Wewe ulikuwa hujarudi Amukura. Kulala kwangu ulikataa, hapo hukulegeza, ulilala kwa yule dada wa kanisani kwenu anayeishi nyuma ya kituo cha mafuta. Lakini kila asubuhi uko sebuleni, na mimi niko chumbani na sindano mkononi.

Siku ya kwanza nilichukua ile chupa nikaitikisa kwa nguvu.

"Baba Nabwire, unatikisa."

Niliganda. Akisa naye aliganda, nilimwona kwenye upenyo wa mlango, kijiko kimesimama hewani. Ulikuwa umeniita jina langu. Miaka yote ile hukuwahi kuniita kwa mdomo wako.

"Nasikia unatikisa. Hiyo si soda. Weka katikati ya viganja uzungushe polepole, mpaka ifanane rangi chini na juu."

"Sawa, mama," nikajibu. Na mimi pia ilikuwa mara ya kwanza kukujibu moja kwa moja. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Siku nne ulinifundisha kwa masikio. Ulikuwa unajua nilipofika kwa kusikiliza tu. "Mbona kimya, unaogopa? Bana ngozi. Usichome pale pa jana, hama kidogo. Ukishasukuma dawa usichomoe haraka, hesabu hadi kumi." Nikawa nahesabu kwa sauti, na wewe unahesabu nami upande wa pili, na ukifika kumi unasema, "Haya, njoo... hapana, kaa huko huko, Akisa atakuletea chakula." Ulinifundisha kuweka chupa ndani ya chungu, na chungu ndani ya mchanga uliolowa, kwa kuwa friji hatukuwa nayo. Ulinifundisha kuangalia miguu kila siku, katikati ya vidole, na nyayo kwa kutumia kioo cha Akisa. Vidonge pia ukaniambia visiachwe, kwamba sindano haijavifukuza kazi. Na siku ya mwisho nikakusimulia habari za nesi na afande. Ulicheka! Sikuwahi kukusikia ukicheka. Akisa anacheka hivyo hivyo, kwa kupanda juu halafu kukatika, na mimi sikujua alikotoa.

Ulipofika kwenu walikusema kweli. Akisa alinieleza jinsi ulivyotengwa kwenye ule mkutano wa akina mama, jinsi mmoja alivyokuuliza kama sufuria za Busia ni tamu. Nilimtuma mjomba wangu mwingine, aliye hai, na mbuzi ili kukusafisha jina, na nilifanya hivyo mapema nilivyoweza, lakini najua maneno yalikuwa yameshakuuma. Hukuwahi kunilalamikia. Pole, mama. Pole sana, na asante. Hayo mawili ningekuwa nimeshakuambia tangu zamani.

Kuna siku nyingine sijawahi kukueleza, kwa sababu ya aibu. Nilijidunga asubuhi nikatoka mbio kwenda Malaba kuchukua maharagwe, nikisema nitakula huko huko. Mwenye maharagwe akachelewa. Nimesimama kwenye ile foleni ya malori isiyoisha, mara nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno yanagoma mdomoni. Mama mmoja wa chai akasema, "Tazama huyu mzee, amelewa na jua halijapanda." Nilitaka kumjibu nikashindwa. Kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani ni sauti yako juu ya ukuta: "Usitoke bila kitu kitamu mfukoni. Ukitetemeka, usifikirie, kula." Nikapapasa mfukoni, nikatoa kile kikaratasi cha sukari ulichomfunza Akisa kunifungia, nikailamba yote kiganjani mbele ya watu. Baada ya muda dunia ikarudi. Yule mama alipoelewa alinipa chapati na maharagwe akakataa kulipwa. Hebu niambie, mimi niliyekimbizwa na askari kwa ajili ya sukari, nikaja kuokolewa na kijiko kimoja!

Kwa hiyo ninapoambiwa jasho lilikutoka jikoni, ninajua ulikuwa wapi, mama. Nimefika huko. Mimi nilikuwa na watu mia wamenizunguka. Wewe ulikuwa peke yako.

Kidonda changu kilipona. Vidole vyote kumi vipo, nimeviangalia leo asubuhi. Natembea kwa miguu hadi dukani na kurudi, pikipiki ni ya safari za mazao tu. Chai nanywa bila sukari na sasa ukiniwekea sukari naona kama umenitania. Nabwire amejiunga na kidato cha kwanza na nilimpeleka mimi mwenyewe, nikabeba sanduku lake kutoka getini hadi bwenini bila kuchechemea. Wakati nashuka ile ngazi ya bweni nilikuwa nakufikiria wewe, sikumwambia mtu.

Halafu kuna hili la macho. Kliniki yangu hunituma kwa daktari wa macho kila mwaka. Mwaka jana nilimuuliza kwa nini, na mimi naona vizuri, akasema sukari hula macho kimyakimya, mtu huja kujua wakati mengi yamekwenda. Nikamuuliza Akisa kama mama yake hupimwa. Akasema mama hajawahi kupimwa, wala hajawahi kuambiwa. Mama, ulinifundisha kila ulichofundishwa. Hilo la macho hakuna aliyekufundisha, na mimi nililijua mwaka mzima nikaona haya kuandika, nikasema Akisa atakuambia, Akisa akasema atakuja, na mvua, na shule, na soko. Hilo ni kosa langu na siwezi kulifunika. Jumanne Akisa atakupeleka kwa daktari wa macho. Tumeshaongea nao, wamesema yaliyobaki yanaweza kulindwa. Usianze kusema mahindi hayajapaliliwa, nitaleta watu wa kupalilia.

Sasa ombi.

Tumejaribu mengi, nawe unajua. Mke wa shemeji aliyekuwa akikuvutia dawa ameenda Nairobi na mumewe. Akisa alikujazia sindano za siku tatu, ukachanganya za asubuhi na za jioni. Jirani yako anaogopa sindano kuliko nilivyoogopa mimi. Kuhamia kwetu umekataa, na sikulaumu, nyumba ya mkwe si mahali pa kuzeekea. Akisa ana kibanda chake cha mboga na hawezi kuwa Amukura mara mbili kwa siku. Lakini mimi, mama, hupita hapo kila asubuhi nikienda kununua nafaka, na jioni hupita nikirudi. Lango lako naliona. Nimelipita miaka yote hii nimegeuza uso upande wa pili kwa heshima.

Niruhusu nisimame. Niruhusu nikudunge mimi.

Najua umeshasema "hapana" kabla Akisa hajamaliza sentensi. Ngoja. Nilimuuliza nesi kama lazima iwe tumboni. Akasema si lazima, nyuma ya mkono hapo juu panafaa kabisa. Mkono tu. Tutakaa barazani, mbele za watu, siyo ndani. Kipimo tutafuata kile kilichoandikwa na kliniki, mistari nitaisoma mimi, na nikikosea Akisa ataniua. Halafu nikaenda kwa mzee, kaka ya marehemu baba mkwe, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Huyo mwanamke si alishakula kwako?" Nikasema ndiyo, alikula. Akasema, "Sasa mkono ni nini?" Akaniambia niende, akisikia nimechelewa atanitoza faini.

Pengine utasema afadhali ufe na heshima yako. Mimi nilisema hivyo hivyo kuhusu mguu wangu, na wewe ukapanda gari. Naogopa, mama. Naisema wazi ili Akisa naye asikie, maana yeye anafikiri silali kwa sababu ya bei ya mahindi. Simu ikilia asubuhi mapema naiacha ilie mara tatu kabla sijaishika. Sitaki siku moja nipite hapo langoni nikukute umeanguka jikoni, na mimi nilikuwa na mikono miwili iliyofundishwa na wewe, na sikusimama kwa sababu ya adabu.

Jumatatu saa moja asubuhi utasikia pikipiki inazima langoni. Vaa blauzi ya mikono mifupi. Weka kiti barazani, ukae umenigeuzia mgongo ukitaka, na mimi nitaangalia chini. Hatuna haja ya kuongea. Nikikuta kiti hakuna na mlango umefungwa nitajua umekataa, nitapiga honi mara moja niende zangu, na jioni nitasimama tena, na Jumanne, na Jumatano, mpaka uchoke na honi yangu.

Kaa salama, mama. Asante kwa mguu, asante kwa Nabwire kunikuta hai. Na uji wa Jumatatu tafadhali usiuonje kabla sijafika.

Mimi mkwe wako,
Baba Nabwire